Kura mbili tatu: kisa cha Kardinali Pole na usiku alioukataa upapa

Kisa hiki kimetoka wapi

Niliombwa niendeshe semina ya siku moja kwa viongozi wa walei wa parokia fulani, na walionialika walikuwa ndo kwanza wametoka kwenye uchaguzi wa jumuiya na halmashauri ulioacha watu hawasalimiani. Sikutaka kuugusa uchaguzi wao maana mimi si mtu wa pale, ningeonekana nimekuja kuhukumu. Nikawapelekea uchaguzi mwingine, wa mwaka 1549 kule Roma, tukauchambua kuanzia asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Parokia siitaji, na wana semina nimewaondolea majina na chochote cha kuwatambulisha. Makardinali nimewaacha na majina yao, hao ni wa historia na habari zao ziko wazi.

Kisa chenyewe huwa kinafundishwa kama hadithi ya unyenyekevu: mtakatifu fulani alikataa cheo usiku, asubuhi akakikosa, akashukuru Mungu. Mimi nadhani kimebeba zaidi ya hapo.

Mtu mwenyewe

Reginald Pole alizaliwa Uingereza mwaka 1500. Mama yake, Margaret Pole, alikuwa wa damu ya kifalme kabisa, ndugu wawili wa baba yake mama huyo walikuwa wafalme. Kwa hiyo Reginald alikuwa ndugu wa Mfalme Henry VIII, na Henry ndiye aliyemsomesha, akamlipia mpaka Padua kule Italia ambako vijana wenye akili wa Ulaya nzima walikuwa wanakimbilia.

Halafu ikaja ile ishu ya Henry kutaka kumwacha mke wake Katarina. Pole aliahidiwa uaskofu mkuu wa York akikubali kumuunga mkono mfalme, akakataa, akaondoka nchini 1532. Mwaka 1536 akamwandikia Henry kitabu kizima cha kumkemea, na mwisho wa mwaka huohuo Papa Paulo III akamfanya kardinali. Henry hakusahau. Kaka yake Pole alikatwa kichwa Januari 1539. Mama yake, bibi wa miaka 67, alikatwa kichwa ndani ya Mnara wa London tarehe 27 Mei 1541 bila hata kesi ya kueleweka. Inasimuliwa kwamba habari ilipomfikia Pole aliwaambia waliokuwa naye kuwa sasa yeye ni mtoto wa shahidi, na kweli Kanisa lilimtangaza mama yule mwenye heri mwaka 1886.

Hapa kwenye semina nilisimama kidogo, maana watu walinyamaza kabisa. Mama mmoja aliuliza, sasa huyu mtu baada ya hapo bado alikuwa na hamu ya cheo gani? Lile swali ndo lilitubeba siku nzima.

Mwaka uleule wa 1541 Pole alikuwa anaongoza mkoa wa Papa uliokuwa na makao yake Viterbo, kaskazini ya Roma. Nyumba yake pale ikawa kijiwe cha watu wa sala na vitabu, wakiwemo mshairi Vittoria Colonna, Marcantonio Flaminio na Pietro Carnesecchi. Walikuwa wanasoma nyaraka za Mtakatifu Paulo, wanajadili mtu anahesabiwaje haki mbele ya Mungu, kwa imani au kwa matendo. Miaka hiyo swali hilo ni moto, Luther ameshaigawa Ujerumani kwa swali hilohilo. Mwaka 1542 Roma ikaunda baraza la kuchunguza uzushi, na mtu mwenye nguvu mle ndani alikuwa Kardinali Gian Pietro Carafa wa Napoli, mzee wa msimamo mkali sana, asiyecheka na mtu kwenye mambo ya imani. Mwaka huohuo mhubiri maarufu kuliko wote Italia, Bernardino Ochino, akakimbilia kwa Waprotestanti. Kuanzia hapo kila aliyekuwa na uhusiano na watu wa aina ile akawa anaangaliwa kwa jicho la pembeni, Pole naye humo.

Jambo moja dogo nataka mlishike. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, ulipofunguliwa Desemba 1545, Pole alikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa Papa wa kuuongoza, pamoja na Giovanni Maria del Monte na Marcello Cervini. Juni 1546 akaondoka kwa sababu ya ugonjwa, na tamko la kuhesabiwa haki likapitishwa Januari 1547 yeye hayupo. Alikuwa anaumwa kweli, ila wabaya wake walisema amekwepa kuweka sahihi. Hakusimama hadharani kueleza.

Roma, Novemba 1549

Paulo III alifariki tarehe 10 Novemba 1549. Konklave, yaani mkutano wa makardinali wanaofungiwa ndani kumchagua Papa, ikaanza tarehe 29. Makardinali wako kwenye vijumba vya mbao na mapazia ndani ya Vatikano, kura zinapigwa kwenye kikanisa, na sheria inasema theluthi mbili ndo zinampa mtu upapa. Kwa idadi ya waliokuwemo siku zile za mwanzo, hizo ni kura 28.

Kambi zilikuwa tatu. Kuna watu wa Kaizari Charles V, mtawala wa Ujerumani na Hispania. Kuna watu wa Mfalme Henri II wa Ufaransa, ila wengi wao bado walikuwa njiani. Halafu kuna watu wa Alessandro Farnese, mjukuu wa Papa aliyefariki, aliyepewa ukardinali na babu yake akiwa na miaka 14, na sasa ana 29 na anaongoza kundi la makardinali walioteuliwa na babu. Farnese alikuwa na la kwake moyoni, alitaka mdogo wake Ottavio apate mji wa Parma. Kaizari alimtaka Pole, Farnese akakubali kumuunga mkono Pole, basi kambi mbili zikaungana na Mwingereza akawa ndiye anayetajwa zaidi.

Nje huko Roma watu walikuwa wanabeti. Kabisa, wafanyabiashara walikuwa wanapokea pesa za kubashiri nani atakuwa Papa, na balozi wa Venisi aliripoti kwamba wabashiri wanajua mwenendo wa kura vizuri sana kwa sababu wahudumu wa makardinali mle ndani wameingia ubia nao. Yaani ule mlango uliofungwa ulikuwa umefungwa kwa jina tu. Pole ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa kwenye ubashiri, na inasimuliwa mpaka mavazi ya kipapa ya kumtosha yeye yalishaandaliwa.

Siku tatu za Desemba

Tarehe 3 Desemba Pole alipata kura 21. Tarehe 4 akapata 24. Unaona zinavyopanda, na kila mtu mle ndani anaona.

Sasa hapa lazima nieleze utaratibu mmoja la sivyo hamtaelewa usiku wenyewe. Mbali na karatasi za kura kulikuwa na njia nyingine iliyokubalika, nayo ni hii: kundi kubwa linaenda kwa mgombea, linapiga magoti mbele yake, linamheshimu kama Papa. Wakifika theluthi mbili, imeisha, ni Papa. Na kwa kweli nguvu ya njia hii ni presha tu, maana ukiwa umelala unasikia kelele ukumbini, unaambiwa Papa amepatikana, wewe utabaki kitandani uonekane ulimpinga? Unavaa viatu unakimbia kupiga magoti na wenzako.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Farnese na wenzake walitaka kufanya hivyo. Wakampelekea Pole ujumbe kwamba mambo yako tayari, wanakuja kumpigia magoti kama Papa usikuusiku. Pole akakataa. Waliosimulia maisha yake wanasema hoja yake ilikuwa kwamba jambo la namna hii halifanywi gizani kwa kukurupuka, kama ni mapenzi ya Mungu litakuwepo hata kukipambazuka, na anayeingia anapaswa kuingia kupitia mlangoni, hapo akiwa na ile Injili ya Yohane sura ya 10 kuhusu mchungaji na mwizi. Wakarudi vyumbani kwao.

Asubuhi ya tarehe 5 kura zikapigwa. Kulikuwa na desturi kwamba baada ya kura kusomwa, kardinali anaweza kubadili na kujiunga na mgombea mwingine palepale, na Farnese alikuwa ameahidiwa na baadhi kwamba wakiona Pole amekaribia watajiunga. Kura zikasomwa. Zilikosekana mbili tatu tu kufika 28. Wakasubiri wa kujiunga. Ukimya. Walioahidi wakabaki wamekaa kwenye viti vyao.

Siku hizohizo Carafa alishasema wazi mle ndani kwamba Pole ana harufu ya uzushi, akataja mambo ya Viterbo na ya Trento. Na balozi wa Ufaransa, Claude d'Urfé, alikuja mpaka mlangoni pa konklave kudai makardinali wa Ufaransa wasubiriwe, akionya kuwa wakichagua bila wao Ufaransa haitamtambua huyo Papa. Makardinali wa Kifaransa wakaanza kuingia wiki iliyofuata, idadi ya wapiga kura ikaongezeka, theluthi mbili ikasogea mbele, na Pole hakuifikia tena.

Yaliyofuata

Kwa wiki nyingi Pole aliendelea kupata kura zaidi ya 20 na hakuna aliyeweza kumpita wala kumwondoa. Konklave ikavuta zaidi ya siku 70, hewa mle ndani mbaya, watu wanaugua, Kardinali Niccolò Ridolfi akafariki mwisho wa Januari. Pole yeye alikuwa anaandika. Kipindi kilekile aliandika kitabu kuhusu kazi ya Papa ni nini hasa, kwa ajili ya kardinali kijana Giulio della Rovere. Mtu amekosa kuwa Papa kwa kura mbili tatu, anakaa kwenye kijumba cha mbao anamwandikia kijana kuhusu upapa. Mimi hilo linanigusa kuliko hata ule usiku.

Mwanzoni mwa Februari 1550 Wafaransa na Farnese wakaelewana, na akachaguliwa del Monte, yule mwenzake Pole wa Trento, akawa Julius III. Parma ikaenda kwa Ottavio. Farnese alipata alichokitaka.

Pole mwaka 1553 akaenda kupumzika kwenye monasteri ya Maguzzano, ziwa Garda. Kabla ya hapo alikutana na Carafa kwenye Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, wakaongea, ikaonekana kwamba Carafa ameridhika. Julai mwaka huo Mary, binti wa Henry na Katarina, akawa malkia wa Uingereza na Pole akatumwa kwenda kuirudisha nchi yake, ambayo Henry aliitenga na Papa, kwenye umoja na Roma. Kaizari akamchelewesha njiani mpaka mtoto wake Philip amemwoa Mary kwanza. Tarehe 30 Novemba 1554 Pole akatoa maondoleo kwa ufalme mzima, miaka zaidi ya 20 tangu aondoke. Na jambo ambalo wana semina hawakuliamini: muda wote huu alikuwa shemasi tu. Alipewa upadri Machi 1556, siku mbili baadaye akawekwa wakfu kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani siku inayofuata baada ya mtangulizi wake, Thomas Cranmer, kuchomwa moto. Siwezi kupita hapo kimyakimya, utawala ule ulichoma Waprotestanti wengi na Pole alikuwa kiongozi wa Kanisa la nchi ile.

Mei 1555 Carafa alichaguliwa kuwa Papa Paulo IV. Mwaka 1557 akamvua Pole kazi ya kuwa mjumbe wa Papa na kumwita Roma ajibu tuhuma za uzushi. Rafiki yake Pole, Kardinali Giovanni Morone, akatupwa gerezani kwenye ngome ya Sant'Angelo. Pole alipona kwa sababu Malkia Mary alikataa kumwachia aende. Tarehe 17 Novemba 1558 Mary alifariki, na Pole, naye akiwa mgonjwa, akafariki siku hiyohiyo saa chache baadaye.

Uchambuzi: je, kukataa usiku lilikuwa kosa?

Tuligawanyika nusu kwa nusu. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, Pole hakutaka kuinama, basi asilalamike. Mwingine akajibu kwamba hakulalamika, na ndo jibu lenyewe.

Mimi maoni yangu ni haya. Ule usiku Pole alifanya sawa, na si kwa sababu ya unyenyekevu peke yake. Ukipita usiku kwa presha, asubuhi una watu theluthi moja wanaoamini umeiba upapa na Carafa yuko kati yao, na Ufaransa nzima iko njiani inakuja na malalamiko yaliyo tayari. Mwaka 1549 Kanisa lilikuwa limeshagawanyika vya kutosha. Papa Mwingereza, mwenye tuhuma za uzushi, aliyechaguliwa gizani na watu wa Kaizari, kabla Wafaransa hawajafika, hebu fikirieni.

Ila upande wa pili una uzito na siwezi kuukwepa. Njia ile ilikuwa halali wakati ule, si wizi. Na kama angekubali, Carafa huenda asingekuja kuwa Papa 1555, Morone asingefungwa. Watu wengine walilipa kwa uamuzi uliokuwa mzuri kwa dhamiri ya mtu mmoja. Dada mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi alilisema hili kwa nguvu kwamba kiongozi akikataa cheo ajiulize pia nani atakikalia, na hakuna aliyemjibu vizuri, hata mimi.

Uchambuzi: kura zilikuwa za nani

Hapa ndo naona kisa kinapofundisha hasa. Zile 24 hazikuwa za Pole. Zilikuwa za Kaizari na za Farnese, Pole alikuwa ameazimwa. Kaizari alikuwa na sababu zake, Farnese alikuwa na Parma yake, na siku Farnese alipoona Parma inaweza kupatikana kwa njia nyingine aliichukua njia hiyo. Pole hakuomba kura hata moja kwa mdomo wake, na alijivunia hilo, lakini matokeo yake ni kwamba hakujua nani yuko naye kweli na nani yuko na Farnese. Farnese naye alihesabu ahadi akaziita kura. Wale waliobaki wamekaa asubuhi ya tarehe 5, kama Pole mwenyewe angeongea nao uso kwa uso siku moja kabla, bila kuahidi kitu, aseme tu mimi ni huyu na msimamo wangu ni huu, labda angejua mapema kwamba hawamo.

Watu wa semina walilishika hili haraka kuliko nilivyotegemea, maana kwenye uchaguzi wao kuna mgombea aliyepitishwa na kundi fulani, akashinda, kisha akagundua kundi lina madai yake. Sitaendelea zaidi ya hapo.

Uchambuzi: ule ukimya wa miaka mitatu

Kosa kubwa la Pole, kwa maoni yangu, lilifanyika Juni 1546 na si Desemba 1549. Aliondoka Trento akiumwa, maneno yakaanza, akanyamaza. Alikuwa na uwezo wa kuandika kuliko karibu kila kardinali, mtu aliyemwandikia mfalme kitabu cha kumkemea, lakini juu ya tuhuma zake mwenyewe hakutoa neno la hadharani. Nadhani aliona kujitetea ni kujitukuza. Carafa alitumia miaka hiyo kukusanya maelezo ya mashahidi. Kwa hiyo tuhuma ilipotajwa ndani ya konklave, Pole aliijibu kwa utulivu mkubwa, ila makardinali wa kati, wale wasio na kambi, hawakuwa na kitu cha kushika. Wao walikuwa na hofu nyingine pia, alikuwa na miaka 49 na angeweza kutawala muda mrefu, na alikuwa mgeni, Papa wa mwisho asiye Mwitaliano alikuwa Adriano VI aliyefariki 1523 na Waroma hawakumpenda. Juu ya hofu hizo ongeza neno "mzushi" lisilojibiwa, kura mbili tatu zinapotea hapo hapo.

Na kosa lilijirudia 1553. Baada ya kukutana na Carafa alidhani yameisha. Hayakuwa yameisha, jalada lilikuwa bado lipo.

Taratibu zenyewe

Tusimwache Pole abebe kila kitu. Uchaguzi ule ulikuwa na mlango unaovuja mpaka kwa wabashiri, balozi wa nchi anakuja mlangoni kutisha, na njia ya kumpata Papa kwa kupigiana magoti usiku. Mtu mwenye dhamiri anawekwa mahali ambapo kukubali ni kushiriki rabsha na kukataa ni kuwapa nafasi wapinzani. Papa Gregori XV mwaka 1621 ndiye aliyeagiza kura za siri kwa maandishi kuwa ndiyo njia ya kawaida, na ile njia ya kumpata Papa kwa sauti ya pamoja ikabaki kwenye sheria mpaka Yohane Paulo II alipoifuta mwaka 1996.

Saa tisa tulifunga. Yule mama wa swali la asubuhi akanifuata nje akaniambia amepata jibu lake, Pole hakuwa na hamu ya cheo, ila hamu ya kutohukumiwa vibaya alikuwa nayo, na ndiyo iliyomfanya anyamaze. Nimekaa na hilo neno tangu siku ile na sijaweza kulipinga.